Maalim Kasema

Wafanyabiashara wa Kiislamu walikaa Tabora karibu miaka 40 kabla Wajerumani hawajautwaa mji. Walijenga matembe yenye baraza pana, wakapanda miembe, wakalima ngano na vitunguu, wakaoa katika nyumba za watemi na wengine wakazikwa huko huko Unyanyembe, utemi ulioizunguka Tabora. Richard Burton na John Speke walipoingia Novemba 1857, wakati mji ukiitwa Kazeh, aliyewapokea na kuwahifadhi ni Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Harthi. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Watu walifunga Ramadhani na kuswali Idi. Pamoja na yote hayo, Wanyamwezi walio wengi hawakuingia katika dini ile. Waliwabebea wageni pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, mwendo wa kilomita zaidi ya 800, wakarudi na nguo, shanga na Kiswahili. Lakini ibada walibaki nayo ya kwao.

Wanahistoria wana sababu zao, na ya kwanza iko wazi: wenye misafara walifuata pembe na watumwa, hawakufuata wanafunzi. Mimi naongeza nyingine, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Kijana wa Kinyamwezi wa zama zile alimwona mtu mmoja, kwa macho yake mwenyewe, akitawadha na kuelekea kibla, kisha akienda kukagua watu waliofungwa minyororo shingoni. Mafundisho gani yangeweza kufuta alichokiona? Mtoto hujifunza dini kwa mtu kabla hajaijua kwa kitabu, na mtu aliyesimama mbele yake siku zile alikuwa mfanya biashara ya binadamu.

Uislamu ulienea zaidi katika sehemu hii ya magharibi baadaye, misafara ilipokuwa inakwisha na hata reli ilipokwisha kufika Tabora mwaka 1912. Na walioueneza walikuwa watu wa namna nyingine: walimu wa vyuo vya Qurani, wengi wao maskini, wengine waliowahi kuwa watumwa au watoto wa watumwa. Tarika ya Qadiriyya, iliyopata nguvu Zanzibar kwa Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa (1847–1909), ilipanda bara kwa njia zilezile za pembe na watumwa, ikafika Tabora na Ujiji. Kwenye duara la zikri mwenye nasaba na asiye na nasaba walishikana mikono. Kwa mtu aliyezoea kuambiwa akae nyuma, hilo peke yake lilikuwa somo.

Kisa kinachoeleza jambo hili kuliko vyote ni cha Sheikh Ramiya. Jina lake hasa ni Yahya bin Abdallah. Alizaliwa Manyema, mashariki ya Kongo, akachukuliwa utumwani angali mtoto na kufikishwa pwani, upande wa pili wa njia ile ambayo Ujiji na Tabora vilikuwa vituo vyake vikuu. Bagamoyo aliingia katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki, liwali wa mji. Hapo angeweza kuishia kama walivyoishia maelfu, mtu wa kutumwa maji na kuni. Yeye akasoma. Akafanya biashara ndogondogo, akapata mashamba ya minazi, akaendelea kusoma kwa masheikh wa mji mpaka akawa yeye ndiye anayesomesha. Akafungua chuo. Akawa khalifa wa Qadiriyya, na sifa zake zikavuka Bagamoyo na kurudi bara alikotoka. Waingereza walipoingia mwaka 1916 walimfanya liwali, yaani alikalia kiti cha mtu ambaye nyumbani kwake aliingia akiwa mtumwa. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe Muhammad akaendeleza uongozi wa tarika.

Naomba msomaji akae kidogo na kisa hiki. Wazee wa mji wa pwani, wenye majina na makaburi ya mawe, walipeleka watoto wao wakakae mkekani mbele ya Mmanyema aliyeletwa kwa minyororo. Hakuwa na ukoo wa kutambia. Alikuwa na elimu, na alikuwa na mwenendo ambao watu waliuona kila siku, sokoni, shambani na msikitini. Mtoto aliyesoma kwake alijua, bila kuhubiriwa, kwamba heshima ya mtu haikai katika nasaba. Mafundisho ya usawa yamo katika vitabu vyetu vyote, ila kwa watoto wa Bagamoyo yalikuwa yameketi mbele yao yamevaa kanzu.

Jinsi chuo cha zamani kilivyoendeshwa tunaijua vizuri, kwa sababu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alikuwa mtu wa Dunda, karibu na Bagamoyo, mwalimu aliyeandika habari za desturi za Waswahili, zikachapishwa mwaka 1903, naye mwenyewe akaishia kufundisha Kiswahili Ujerumani. Mtoto alipelekwa chuoni na mzazi, akakabidhiwa. Alianza na ubao na wino, herufi na irabu, kisha juzuu ya Amma, kisha akapanda sura kwa sura mpaka kuhitimu, na siku ya khitma ikawa sherehe ya mtaa. Ada ilikuwa kidogo kidogo, mara nyingi siku ya Alhamisi, na ijazi ikaja mwisho. Lakini ndani ya masomo hayo kulikuwa na masomo mengine yasiyokuwa na ubao: kuvua viatu mlangoni, kutoa salamu kabla ya kuingia, kumpisha mkubwa mkekani, kutokula mbele ya mwenzako bila kumkaribisha, kuuchukua msahafu kwa mkono wa kulia na ukiwa na udhu. Hayo hayakuwa na mtihani. Mtoto aliyatwaa kwa kumwangalia maalim.

Ndiyo maana mpaka leo, Tabora na kwingineko, mama akimwambia mwanawe jambo la dini, mtoto anaweza kumkatiza kwa maneno mawili: maalim kasema. Hakuna hoja inayopita hapo. Baba anaweza kuwa na digrii, mama anaweza kuwa hakimu, lakini katika mambo ya Mungu mtoto wa miaka saba ana mamlaka yake moja, na mamlaka hiyo inakaa kwenye mkeka wa madrasa saa 10 jioni. Ni amana kubwa mno kumpa mtu. Cha kushangaza ni jinsi tunavyoitoa bila kuuliza.

Anayepita Gongoni, Isevya au Ng'ambo baada ya Alasiri ataisikia madrasa kabla hajaiona: sauti za watoto zikipanda pamoja. Wengine wamesukumwa barazani kwa kukosa nafasi, wakubwa wakiwasikiliza wadogo, maalim katikati akisahihisha makhraji ya huyu huku jicho lake likiwa kwa yule. Wazazi tunaposimama hapo kusikiliza, tunapima usomaji. Mtoto amefika sura gani, tajwidi yake ikoje, mashindano ya Qurani yajayo ataweza? Ni maswali mazuri. Lakini mtoto naye anapima, tena vitu tusivyovifikiria. Anaona kama maalim anamlipa mama wa maandazi au anasema kesho kila siku. Anaona kama anafika kwa wakati. Anaona anavyomjibu mwendawazimu anayepita, anavyosema juu ya msikiti wa jirani wenye rai tofauti, anavyomwita mtoto wa ombaomba na anavyomwita mtoto wa mwenye duka la jumla. Siku hizi anaona pia simu. Mwanafunzi anasoma kwa bidii mbele yake, na maalim kainamisha kichwa anaperuzi, anatikisa tu kuashiria endelea. Mtoto yule amefundishwa kuwa Qurani ni kitu cha kusikilizwa nusu nusu, na hakuna aliyetamka neno hilo.

Qurani yenyewe, katika Suratul Ahzab, imemtaja Mtume (s.a.w.) kuwa ruwaza njema, na katika Suratus Saff imewalaumu vikali wanaosema wasiyoyatenda. Malezi ya Kiislamu yamejengwa juu ya mtu anayeonekana. Simulizi ya Imam Malik wa Madina ni mashuhuri: mama yake alimvisha kilemba akampeleka kwa mwanachuoni Rabia, akamsisitizia ajifunze adabu ya mtu yule kabla ya elimu yake. Mama yule alikuwa amemchunguza mwalimu. Alijua anampeleka mwanawe kwa nani, na alijua anataka atoke na nini.

Sasa nifike kwenye bakora, maana hakuna mazungumzo ya kweli kuhusu madrasa yanayoweza kuikwepa.

Wapo wanaoamini kwamba kumchapa mtoto ni sehemu ya mapokeo, na kwamba anayelalamika amelishwa fikra za kigeni. Wanaosema hivyo wangesoma mapokeo wanayoyatetea. Muhammad bin Sahnun, faqihi wa Kairouan katika Tunisia ya leo, aliandika kitabu kuhusu adabu za walimu katika karne ya tisa. Hakukataza fimbo moja kwa moja, lakini aliifunga kamba: kwa kosa la kusoma, viboko visizidi vitatu, na asipige mtu akiwa na hasira. Alimtaka mwalimu awafundishe sawa mtoto wa tajiri na wa fukara, na akamzuia kuwatuma watoto kwa haja zake mwenyewe. Miaka 500 baadaye Ibn Khaldun (1332–1406), aliyezaliwa Tunis, akaenda mbali zaidi. Alieleza kwamba mtoto anayelelewa kwa ukali hupoteza uchangamfu wa nafsi, huwa mvivu, na hujifunza uongo na hila ili kuukwepa mkono ulioinuliwa, mpaka hila inakuwa tabia yake. Hayo yameandikwa na Mwislamu, kadhi, zaidi ya miaka 600 iliyopita, kabla hakujawa na shirika lolote la haki za watoto.

Linganisha na sheria ya nchi yetu. Kanuni za mwaka 1979 za adhabu ya viboko shuleni, zilizorekebishwa mwaka 2002, zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemteua, na viandikwe katika kitabu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu za kikatili na za kudhalilisha. Ninaamini hata viboko vinne ni vingi. Lakini angalau shuleni kuna kitabu. Madrasa ya uani nani anaandika? Maalim ndiye hakimu na ndiye mtekelezaji, na mtoto akienda kulalamika nyumbani huulizwa kwanza amekosa nini.

Wako watu wazima niliozungumza nao, wanaoswali na kufunga, ambao mpaka leo wakiisikia sura fulani wanahisi maumivu ya viganja kabla ya kuikumbuka maana yake. Hawakuiacha dini. Lakini mapenzi yao kwayo yamebaki na kovu, na kovu hilo limeachwa na mtu waliyemwamini kuliko wote. Naandika haya nikiwa nafahamu kuwa wapo walimu wengi sana, walio wengi, wanaofundisha kwa upole wa ajabu kwenye joto na njaa. Kuwanyamazia wachache ni kuwakosea hao wengi.

Na kuna lililo zito zaidi ya fimbo. Mtoto hapaswi kubaki peke yake na mtu mzima mlango ukiwa umefungwa, awe maalim, mjomba au jirani. Madrasa ya bweni isiyotembelewa na wazazi si mahali salama hata kama mwenyewe ni mcha Mungu, kwa sababu usalama hautegemei wema wa mtu mmoja. Kuweka utaratibu huo hakumdhalilishi mwalimu mwema. Kunamkinga, yeye na jina lake.

Tabora inajua nguvu ya mwalimu kuliko miji mingi. Julius Nyerere alisoma Tabora Boys, akarudi kufundisha shule ya St. Mary's mjini humo, na taifa zima likaja kumwita kwa cheo kile cha darasani. Upande wa Waislamu kuna Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji mwaka 1924, aliyesoma pia Tabora. Ni hapo, akiwa kijana, alipokutana na Sheikh Mubarak Ahmad, mmisionari wa jumuiya ya Ahmadiyya kutoka Bara Hindi. Waislamu wengi wanakhitilafiana na jumuiya hiyo katika itikadi, tena khitilafu kubwa, nami siingii katika hilo hapa. Natazama tu kilichotokea kati ya mwalimu na kijana. Kijana alivutwa na mtu aliyejinyima, mwenye kusoma na kuandika bila kuchoka, naye akawa hivyo hivyo. Alishiriki katika kazi ya tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili iliyotoka mwaka 1953, akaandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka uliofuata, akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri wa sheria. Alifariki mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 40 tu. Uwanja wa michezo wa Arusha una jina lake.

Na Sheikh Hassan bin Ameir, aliyetoka Zanzibar, alikata bara mji hadi mji akisomesha, mpaka Kongo, Rwanda na Burundi. Wengi wa masheikh waliokuja kushika misikiti ya Tanganyika walipita mikononi mwake au mwa wanafunzi wake. Mwaka 1968 alirudishwa Zanzibar, akafariki huko mwaka 1979.

Wote hao, ukiwatazama, walikuwa na kitu ambacho maalim wa leo wa mtaani hana: muda na riziki ya kutosha kufanya ualimu. Ramiya alikuwa na minazi yake. Mmisionari alikuwa na jumuiya nyuma yake. Maalim wetu asubuhi yuko kwenye bodaboda au cherehani, msimu wa mvua yuko shambani kwenye mahindi au tumbaku, na jioni anafika madrasa mgongo unauma, anakuta watoto 60 na mkeka mmoja. Ada inayokuja ni sarafu, na si kila mzazi anaitoa. Yule anayelipa laki kadhaa kwa muhula kwa ajili ya shule ya Kiingereza hudai kwamba elimu ya dini hufundishwa kwa ajili ya Mungu, hivyo haina bei. Kisha mtu huyo huyo hushangaa maalim akikopa, akichelewa, akipoteza subira. Tunamtaka awe ruwaza njema kwa tumbo tupu. Fuqaha wa zamani hawakuona aibu kujadili ujira: Ibn Sahnun anauandika waziwazi, pamoja na zawadi ya mwanafunzi anapohitimu, kwa sababu alijua mwalimu mwenye njaa ni hatari kwa nafsi yake na kwa watoto.

Mombasa walijaribu njia nyingine, na Tabora ingeweza kuitazama. Mwaka 1986, kwa ombi la jamii ya Waislamu wa pwani na kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, Bi Swafiya Muhashamy alianza kuwafunza ualimu wasichana wa huko huko ili wafungue madrasa za watoto wadogo. Hawakuanza na majengo. Walianza na mwalimu: namna ya kuzungumza na mtoto akiwa ameketi usawa wake, namna ya kumwacha ashike, apange, aulize, namna ya kufundisha dua na hesabu kwa vifuu, mbegu na vitambaa vya hapo hapo mtaani. Mwalimu alitembelewa, akasahihishwa, akarudi kufunzwa tena. Kamati ya wazazi ilikuwa na kazi yake na hesabu zake. Kazi hiyo ilifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Wengi wa walimu wale walikuwa wanawake, na hilo lina uzito. Msichana wa miaka sita aliyefundishwa na mwanamke mwenye elimu anajua mapema kwamba elimu ya dini ni yake pia.

Katika miji ya njia ya misafara, bibi anayesomesha watoto sebuleni kwake si kitu kipya. Wapo Tabora, wapo Ujiji, na mara nyingi ndio wanaotajwa kwa machozi ya shukrani na watu wazima. Lakini hawamo katika orodha ya kamati ya msikiti, na Mfunguo Mosi ukifika bahasha haiwafikii.

Kwa hiyo nina maombi mahususi kwa kamati za misikiti ya Tabora, Nzega, Urambo na Kigoma, na kwa sisi wazazi. Kabla ya kumkabidhi mtu watoto, wazee watatu wamwendee alikotoka, waulize kwa majirani zake na kwa aliowasomesha, si kwa sheikh wake peke yake. Madrasa iwe mahali panapoonekana kutoka barabarani au uani, na mzazi yeyote aweze kuingia bila kubisha hodi mara tatu. Fimbo itoke. Walimu wa mtaa mmoja wakutane walau kila mwezi, wanawake na wanaume, wafundishane kufundisha, kama mafundi wanavyofundishana. Na ujira upangwe, uandikwe, ulipwe na kamati kutoka mfuko mmoja, ili maalim asimtazame mtoto wa asiyelipa kwa jicho jingine.

Misikiti mingi inachangisha sasa hivi. Watu wanatoa kwa ukarimu mkubwa, kwa mnara, kwa zulia, kwa vipaza sauti vipya. Kamati zitakapokaa baada ya swala ya Ijumaa kugawa fedha hizo, ajenda ya kwanza iwe mshahara wa maalim na wa bibi anayesomesha sebuleni, na rangi ya mnara isubiri.